Digrii Tisini na Sita

Siku kompyuta ya karakana ya Mzee Randa ilipozimika mbele ya mteja, habari ilifika mtaa wa pili kabla mteja mwenyewe hajalifikia gari lake. Aliyeibeba ni Mama Sindano, fundi cherehani wa chumba cha jirani. Ukuta wa chumba chake na ukuta wa karakana ni mmoja, na masikio yake hayajawahi kuutambua ukuta huo.

"Picha inazunguka, kabati zinang'aa, vioo vinameremeta, mara mistari ya kijani, mara giza totoro!" aliwasimulia waliokuja kuchukua nguo zao. "Na yule mama wa duka la dawa kaukumbatia mkoba wake hivi, kimya, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kupiga chafya."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutia chumvi. Ndivyo ilivyokuwa Jumanne. Na leo ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, na mama wa duka la dawa alikuwa amesema atarudi saa kumi alasiri aione tena picha ya makabati yake, na kwamba hatarudi mara ya tatu.

Mchoraji wa picha hiyo alikuwa mkwe wa Mzee Randa, na karakana nzima ilimwita Vipimo. Jina hilo alilipata miaka tisa nyuma, siku aliyohamia nyumba hii akiwa bibi harusi. Vijana walikuwa wamebeba kitanda mabegani, jasho linawatiririka, yeye akawasimamisha mlangoni, akatoa futi kwenye mkoba wake, akapima mlango. Kisha akapima kitanda. "Hakipiti," alisema. Wakamcheka, wakajaribu, hakikupita. Mzee Randa alimtazama huyo bibi harusi, kisha akachukua bisibisi akaung'oa mlango na bawaba zake. Kitanda kikaingia. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye cheti.

Asubuhi hii walikuwa wamekusanyika kwenye pembe ya karakana iliyotengwa kwa mbao nyembamba na kuitwa ofisi. Mbao zile hazikufika juu, ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, kwa hiyo kila kilichopigwa randa huko nje kilisikika humu ndani, na vumbi lake lilikuja bila kupiga hodi. Vipimo alikuwa kwenye kiti chake. Mzee Randa alisimama, penseli sikioni. Shemeji yake Vipimo, mdogo wa mumewe, ambaye ndiye fundi rangi na kwa hiyo huitwa Vanishi, alikuwa ameegemea mlango. Mumewe Vipimo hakuwepo. Yeye ni dereva wa malori ya safari ndefu, wiki yuko, wiki hayuko. Na aliyepiga magoti mbele ya kompyuta, mkono ubavuni mwake kama anayempima mgonjwa homa, alikuwa Fundi Waya, mtengenezaji wa kompyuta.

"Dada, nisikufiche," Fundi Waya alisema akijifuta kiganja. "Kadi yako ya picha imechoka. Inachemka kama birika. Ikifika digrii tisini na sita inajizima yenyewe isiungue. Weka nyingine, mambo yaishe."

"Inunuliwe," alisema Mzee Randa papo hapo. "Leo leo." Kisha akakohoa.

Kikohozi cha Mzee Randa hakikuwa kile cha kusafisha koo. Kilianzia mbali, kikapanda ngazi, kikafika juu kikamtikisa mabega, na mwisho kikamwacha ameshika ukingo wa meza akitafuta hewa. Walioizoea karakana husubiri tu kiishe, kama wanavyosubiri msumeno unyamaze ndipo waendelee na mazungumzo.

Vipimo alisubiri. Moyoni alikuwa ameshaona mtego ulivyotegwa.

Karakana ilikuwa imejiwekea akiba kwa kazi moja tu: mashine ya kunyonya vumbi. Fundi wa madirisha wa mtaa wa nyuma alikuwa anafunga karakana yake ahamie kwa wanawe, na mashine yake, yenye tumbo kama pipa na bomba nene kama paja, alikuwa ameishikilia kwa ajili ya Vipimo peke yake wiki tatu sasa. Jana alikuwa amemwita pembeni. "Mama, nakuheshimu, lakini kuna wawili wanaitaka. Kesho saa kumi na mbili jioni usipokuja, naitoa." Na akiba ile ilitosha kitu kimoja. Kadi, au mashine ya vumbi.

Mashine ya vumbi haikuwa anasa. Daktari wa zahanati alikuwa amemwambia Mzee Randa waziwazi, Vipimo akiwa amekaa hapo hapo: "Mapafu haya yamekula mbao. Ukae mbali na vumbi, au vumbi likae mbali nawe, la sivyo mwakani tutakuwa tunaongea mengine." Mzee Randa akamjibu, "Daktari, mimi na vumbi tumezeeka pamoja," akavaa kofia yake akatoka. Tangu hapo kila mwezi amekuwa akizua jambo la kuipiga kalenda ile mashine. Mara mkanda wa randa ya umeme umelegea. Mara kibao cha nje kimepauka. Sasa kadi.

Na kadi aliipigania kwa moyo wake wote, hilo ndilo lililomchosha Vipimo. Huyu huyu mzee alipoletewa kompyuta mwaka na nusu uliopita aliisusa siku nne. "Penseli yangu imewakosea nini?" Siku ya tano Vipimo alimwonyesha kabati alilolichora, akalizungusha, akalifungua milango, na mzee akaona ndani ya kabati ambalo halijakatwa hata ubao mmoja. Basi ukawa ndio wimbo wake. Msibani anaisimulia, kwa kinyozi anaisimulia. "Mkwe wangu anakuonyesha kitanda chako kabla mti haujajua kwamba utakuwa kitanda." Aibu ya Jumanne ilimwuma kuliko kikohozi.

"Fundi," Vipimo alisema, "joto linatoka wapi?"

"Kwenye kadi, dada."

"Hilo nimelisikia. Nauliza kwa nini sasa. Mwaka wa kwanza haikupita digrii sabini na tano, nilikuwa naitazama. Kimeongezeka nini, au kimepungua nini?"

Fundi Waya alicheka cheko la mtu anayeulizwa na mtoto kwa nini mvua inalowesha. "Dada, vitu vinazeeka."

"Mlango ukigoma kufunga, sinunui mlango. Natafuta unapogusa." Akainuka. "Baba, nakuomba siku moja. Hata siku nzima siyo, mpaka saa kumi. Naifungua mwenyewe. Ikizima mbele ya mteja, nenda na Fundi mkanunue kadi mpya, na mimi sitafumbua mdomo. Isipozima, mashine ya vumbi inaingia humu leo kabla ya saa kumi na mbili. Tumekubaliana?"

Mzee Randa akakohoa.

"Kakubali!" ilisema sauti ya upande wa pili wa ukuta. "Mimi shahidi!"

"Mama Sindano, wewe kazi huna?" Vanishi alipaza sauti.

"Ninayo, naifanya kwa mikono. Masikio yamepumzika tu."

Fundi Waya alikuwa na wagonjwa wengine mjini. Vipimo alimfuata mpaka mlangoni. "Ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya kadi na chuma chake, ipitishe joto, unayo?"

"Ninayo. Lakini ukivunja kitu, mimi simo."

"Humo. Niachie."

Alimwachia bomba lake dogo kama la sindano, akatikisa kichwa, akaenda. Alikuwa na hakika atapigiwa simu kabla ya adhuhuri.

Vipimo alifunga kitambaa kichwani vizuri zaidi, akazima kila kitu, akaichomoa kadi, akaileta kwenye meza ya kazi chini ya taa. Ilikuwa nzito kama tofali, na feni ndogo mbili usoni. Kabla ya kugusa skrubu hata moja, alichukua kipande cha mbao, akachora juu yake umbo la kadi kwa penseli, akatoboa vishimo vidogo palepale skrubu zilipo. Kila skrubu aliyoitoa akaiweka kwenye kishimo chake. Aliyafanya hayo bila haraka, mdomo kaubana. Alipoiinua ile sahani ya feni, akaita.

"Vanishi. Njoo utazame."

Chini ya feni kulikuwa na chuma chenye mapezi membamba yaliyosimama kama kurasa za kitabu, ili hewa ipite katikati yake. Mapezi hayakuonekana. Palikuwa na blanketi. La kahawia, nene, limeshikana kama sufi ya godoro kuukuu, na juu yake linang'aa kidogo. Vipimo alilikwangua kwa ncha ya kisu. Halikupukutika, liling'oka kipande kizima, kama ukoko.

"Vumbi haliwi hivi," alisema. "Vumbi unalipuliza linaondoka. Hili lina gundi."

Vanishi alirudi nyuma hatua moja. Mtu ambaye haachi kuongea hata akiwa na brashi mdomoni, leo kanyamaza, anajikuna shingo. Vipimo akamgeukia taratibu.

"Sema."

"Shemeji, usinipige."

"Nitakupima kwanza. Sema."

"Kila Jumamosi ukishaondoka," Vanishi alianza, macho chini, "nilikuwa nafungua ubavu wake, naipuliza kwa kompresa."

"Kompresa ipi?"

"Kwani ninazo ngapi?"

Vipimo alifumba macho. Karakana ilikuwa na kompresa moja, ile ya kupulizia vanishi kwenye makabati. Upepo wake hutoka na mafuta yake, na maji yake, na ukungu wa rangi uliobaki kwenye mpira.

"Ilikuwa inafurahi!" Vanishi alijitetea. "Nikiielekezea zile feni zinazunguka mpaka zinapiga mluzi! Nikasema leo imepata hewa. Nilikuwa nangoja siku moja uniulize, mbona kompyuta yangu haina vumbi, nikwambie ni mimi."

"Juu haina vumbi," alisema Vipimo. "Ulilisukuma lote ndani ukalipiga vanishi. Umeipaka koti tatu." Akaizungusha feni ya kwanza kwa kidole, ikazunguka. Akaizungusha ya pili. Ilisogea robo, ikakwama, ikatoa mlio wa mchanga. "Na hii uliikimbiza kuliko ilivyoumbwa kukimbia. Imekufa kiuno."

"Basi mimi ndiye niliyetuaibisha," Vanishi alisema, na safari hii hakuwa na mzaha.

Vipimo alimwangalia. Hasira ilimjia, akaimeza. Alikuwa amelala siku tatu akijiuliza kadi ina nini, na sasa alijua. "Umenipa jibu. Kalete spiriti yako ya kusafishia brashi, na brashi yako laini kuliko zote, ile unayomnyima kila mtu."

"Ile ya kuchorea maua?"

"Hiyo hiyo. Leo inaoga."

Kazi ile ilikula asubuhi. Pezi kwa pezi, Vipimo akikwangua, Vanishi akifuta, spiriti ikiwapanda puani. Kilichong'oka walikiweka kwenye kifuniko cha kopo la vanishi, kikajaa, kikawa bonge kama yai la bata. Chini ya blanketi chuma kikaanza kuonekana, cheupe, kama sakafu ambayo mtu amesahau kwamba ina rangi. Huko nje Mzee Randa alikuwa kwenye randa yake ya umeme, akipita kila baada ya muda mbele ya mlango wa ofisi kana kwamba anatafuta kitu, akichungulia, akirudi bila kitu.

Ikabaki feni iliyokufa. Vipimo aliigeuza mkononi. Feni kama hiyo kuipata mjini ni kutafuta wiki.

"Ina kibandiko katikati?" iliuliza sauti ya ukutani.

"Ndiyo, Mama Sindano."

"Kibandue. Chini yake kuna shimo. Nakuja."

Mama Sindano aliingia na sentimita yake shingoni, pini mdomoni, na chupa ndogo ya mafuta mkononi. Alikuwa na njia ya kuingia mahali pakaonekana pamejaa. "Cherehani yangu niliyoachiwa na mama imenigomea mara ngapi? Kila fundi akija, tupa, nunua mpya. Fundi mmoja, yule aliyemwoa binti wa mwuza kanga halafu wakaachana kwa sababu ya televisheni, nitakusimulia siku nyingine..."

"Mama Sindano, mafuta."

"... huyo ndiye aliyenifundisha. Tone moja. Ukitia mawili umeharibu, yanarukia kila mahali."

Tone moja likaingia. Vipimo akaizungusha feni kwa kidole. Ilizunguka nusu ikanung'unika, kama mtu aliyeamshwa mapema. Akaizungusha tena, na tena, mara hamsini labda, kila mara ikilalamika kidogo kuliko mara iliyotangulia. Kisha ikateleza. Ikazunguka yenyewe, kimya, muda ambao watu watatu walikaa bila kupumua.

"Haya," alisema Mama Sindano. "Na anayetaka kunishukuru asinishukuru kwa mdomo. Nina meza inayoyumba."

Saa saba na robo Vipimo alipaka ile dawa nyeupe, kidogo kama punje ya maharage, akarudisha skrubu moja moja kutoka vishimo vyake, akaichomeka kadi mahali pake, akawasha.

Giza.

Hakuna picha, hakuna mstari wa kijani, hakuna chochote. Mzee Randa, ambaye kwa bahati tu alikuwa anapita mlangoni, akasimama. "Nimwite Fundi Waya?"

"Bado, baba."

"Saa zinakwenda."

"Zinakwenda, baba, na mimi nipo." Akaanza upya, kwa kuhesabu: kadi imekaa, kufuli yake imefunga, skrubu zote zimeingia. Waya wa skrini upo. Waya wa umeme wa kadi... Waya wa umeme wa kadi ulikuwa unaning'inia pembeni kama mkono wa mtu aliyelala kwenye basi.

Vanishi aliuona wakati huo huo. Aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Shemeji! Umemfanyia mtu upasuaji ukasahau kumwamsha!"

"Wewe wa kompresa, nyamaza."

Aliuchomeka. Feni zote mbili zikazunguka, skrini ikawaka, na Mzee Randa akaondoka mlangoni akarudi kwenye randa yake.

Sasa ndiyo mtihani. Vipimo alifungua picha ya duka la dawa, ile ile iliyozimika Jumanne, akaiacha izunguke. Kwenye pembe ya skrini zikatokea digrii. Akachukua ubao na penseli, akaandika kama anavyoandika vipimo vya kabati. Saa saba na nusu, hamsini na nane. Saa nane kasoro robo, sitini na saba. Saa nane, sabini na moja. Saa nane na nusu, sabini na mbili, hapo hapo, haipandi. Akamwomba Mama Sindano kipande cha kitambaa chepesi chenye matundu, kile cha mapazia, akakibana kwa vibanio vya mbao kwenye tundu la kompyuta linalovuta hewa, vumbi lisiingie tena. Digrii zikapanda tatu. Akalikubali hilo, akaliandika.

Saa tisa na nusu Mzee Randa aliwasha randa ya umeme na kupitisha mbao nene za mtiki, mmoja baada ya mwingine, kazi ambayo ingeweza kabisa kungoja Jumatatu. Vumbi likapanda juu ya mbao za ofisi likashuka taratibu kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba anakufanyia makusudi," Vanishi alinong'ona.

"Mwache. Afanye. Asije akasema nilipata siku rahisi." Ila alipomsikia akikohoa katikati ya ubao wa tatu, kikohozi kile cha ngazi, aliuma meno, na alama ya penseli yake kwenye ubao ikatoka nzito kuliko nyingine zote.

Mama wa duka la dawa alifika saa kumi kamili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani, mwenye kuongea kama anayelipia kila neno. Alipangusa vumbi la mtiki kwenye kiti, akakaa, akaupakata mkoba.

"Leo itakaa?"

"Itakaa," alisema Vipimo.

Mzee Randa akaja kusimama nyuma yao, mikono kifuani. Vanishi akawa mlangoni. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa imenyamaza, jambo ambalo kwa Mama Sindano ni sawa na kuja mwenyewe.

Picha ikazunguka. Rafu zikapita, droo zikafunguka, vioo vikashika mwanga. Digrii sabini na sita.

"Nionyeshe ninavyoingia mlangoni."

Vipimo akaingia naye mlangoni. Sabini na tisa.

"Mgonjwa akisimama hapa, anaona nini?"

Akamsimamisha mgonjwa, akageuza. Themanini na moja. Hapa Jumanne ndipo mistari ya kijani ilipoanza.

"Kaunta ishuke. Mimi si twiga."

"Ishuke kiasi gani?"

"Inifike viwikoni."

"Simama, mama." Vipimo akatoa futi, akampima kutoka sakafu mpaka kiwiko, akaandika namba kwenye kompyuta. Kaunta ikashuka mbele ya macho yao, na kila kilicho juu yake kikashuka nayo, na kompyuta ikafikiri. Feni zikapandisha sauti. Themanini na tatu. Themanini na nne.

Themanini na nne.

Themanini na nne.

Themanini na tatu.

"Hapo," alisema mama wa duka la dawa. Kwa mara ya kwanza akauachia mkoba, akausogeza uso wake kwenye skrini. "Hapo ndipo nitakaposimama?"

"Hapo hapo."

"Anzeni Jumatatu." Akainuka, akampa mkono Vipimo, akampa mkono Mzee Randa, akatoka. Kiti alichokipangusa kilikuwa kimeanza kupata vumbi tena.

Ukuta ulipiga kigelegele.

"Mkwe wangu!" Mzee Randa alisema, na uso wake wote ulikuwa kicheko. "Umeona? Umeona kaunta ilivyoshuka? Sasa nasema hivi: ikiwa iliyozeeka inafanya haya, mpya itafanya nini! Tukainunue sasa hivi, hii ibaki ya akiba."

"Mzee!" iliita sauti ya ukutani. "Mlikubaliana!"

"Nilikubali saa ngapi? Mimi nilikohoa."

Vipimo alikuwa na maneno ya kumjibu. Alikuwa nayo tangu zahanati, ameyapanga kama rafu. Lakini alichoka kuyabeba, akakaa tu, akaanza kukusanya vifaa vyake vilivyotapakaa mezani: bisibisi, brashi ya maua, chupa ya mafuta. Alipofika kwenye kifuniko cha kopo akakisogeza pembeni, karibu na mkono wa mzee.

Mkono wa seremala haupiti kitu bila kukigusa. Mzee Randa aliliokota lile bonge, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akalivunja, akalipeleka puani.

"Mtiki," alisema. Akavunja kipande cha chini zaidi. "Mkangazi. Huu ni ule wa vitanda vya ile nyumba ya wageni." Akachimbua zaidi, akanusa, uso umelainika kama mtu anayetazama picha za zamani. "Msonobari. Madawati. Na hii ni vanishi yetu ya mwaka jana, ile iliyokuwa inachelewa kukauka. Kazi zetu zote zimo humu." Akamtazama Vipimo. "Mmelitoa wapi?"

"Ndani ya kadi, baba."

"Lote hili?"

"Lote."

"La muda gani?"

"Tangu tuilete. Mwaka na nusu."

Mzee Randa aliangalia bonge lile mkononi. Akaangalia randa yake ya umeme huko nje, pale alipoanza kusimama kabla mumewe Vipimo hajazaliwa. Alitaka kusema kitu cha mzaha, ilionekana mdomoni kikija, lakini kikohozi ndicho kilichotoka, na safari hii alipokohoa mkono mmoja ulikuwa mdomoni, na mkono wa pili bado umelishika bonge, na macho yake hayakulitoka.

Hakuna aliyesema neno. Hata ukuta.

Kilipoisha, alilirudisha bonge kwenye kifuniko taratibu, kama kitu kinachovunjika. Akajifuta midomo. Akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

"Vanishi," alisema, "nenda kaazime mkokoteni." Kisha, bila kumtazama mkwe wake: "Hiyo mashine ya vumbi, bomba lake linafika kwenye randa?"

"Mita sita, baba. Linafika na linabaki. Nilipima wiki tatu zilizopita."

"Na mashine yenyewe? Mlangoni inapita?"

Vipimo alibana midomo asicheke, kwa sababu akicheka machozi nayo yangemtoka.

"Haipiti," alisema. "Imezidi sentimita nne."

Mzee Randa akanyoosha mkono mezani, akachukua bisibisi iliyokuwa imefungua kadi, akaipima mkononi, akairudisha kwa dharau kwa udogo wake. Akaenda kuchukua ile kubwa. Vanishi aliporudi na mkokoteni alimkuta baba yake amepiga goti mlangoni, bawaba ya chini imeshatoka, na Mama Sindano amesimama nje akiushikilia mlango usimwangukie, akimweleza kila apitaye kwamba yeye ndiye shahidi.